Vivuli vya Misri, Mkaa wa Mama

Nilirudi nyumbani Boito kwa miezi mitatu. Ndivyo nilivyowaambia wenzangu wa Nairobi, na ndivyo nilivyojiambia mwenyewe, nikiwa na begi moja na brashi zangu zimefungwa kwa gazeti. Baba alikuwa amefariki, chai ilikuwa imekaa wiki mbili bila kuchumwa, na mama alihitaji mtu wa kukaa naye mpaka aizoee nyumba isiyo na kikohozi cha baba. Kaka yangu yuko Chebunyo na ng'ombe wake na watoto watano. Mimi sikuwa na mume wala mtoto, kwa hiyo hakukuwa na kikao wala mjadala. Kila mtu alijua ni mimi. Miezi mitatu ikawa mwaka, mwaka ukawa mitano, na katika miaka hiyo nilichora Misri mara nyingi hivi kwamba naweza kuichora huku napiga chafya.

Misri yenyewe sijaikanyaga. Jangwa nimeliona kwenye simu tu. Lakini niulize nguzo za hekalu lolote lililoko kando ya mto wao, nitakuambia ni ipi imevunjika kichwa na ni ipi ina ufa upande wa kushoto, na jua linaipiga kutoka wapi.

Aliyenipa kazi hiyo alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha chai, aliyezaliwa kwenye nyumba za kampuni na kuapa kwamba hatazeekea humo. Alikuwa na duka la fremu mjini Kericho. Alianza na picha za harusi na za kuhitimu, na zile kubwa zinazotangulia jeneza. Kisha, kwa njia ambayo hakuwahi kunieleza vizuri, akapatana na wakala wa ng'ambo aliyekuwa akitafuta watu wa kunakili picha za zamani kwa mkono, rangi ya mafuta juu ya kanvasi. Zilikuwa za wachoraji wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa, waliokwenda Misri na miavuli na masanduku yao ya rangi, wakachora mahekalu yaliyozama mchangani nusu na masanamu makubwa ya mawe yaliyozikwa mpaka shingoni. Wenye hoteli na wenye nyumba kubwa huko ng'ambo walizitaka ukutani. Nakala ya mashine hawakuitaka. Walitaka mkono wa mtu, na mkono wenyewe ukawa wangu.

Karakana aliikodi hapa kwetu Boito, katika jengo lililokuwa zamani la kupozea maziwa. Kuta zake ni nene na dirisha ni moja, dogo, liko juu karibu na paa. Ukisimama kwenye kiti unaona mashamba ya chai yakishuka mpaka mtoni, yamekatwa sawasawa juu. Ukishuka kwenye kiti unaona Misri. Nilikuwa nikisimama kwenye kile kiti kila nilipokunywa chai ya saa nne, kisha nashuka.

Kazi yenyewe ni ya miraba. Picha inakuja kwenye karatasi, unaipigia mistari ya penseli juu mpaka chini na kushoto mpaka kulia, unapiga miraba ileile mikubwa zaidi kwenye kanvasi, halafu unahamisha mraba mmoja mmoja. Mara nyingi niliigeuza picha kichwa chini miguu juu, ili jicho lisijifanye linajua linachokiona. Siku nzima inaweza kwisha kwa miraba minne ya mchanga mtupu. Ukitoka nje jioni, miguu imekufa ganzi na hujachora kitu chochote ambacho mtu angekipa jina.

Nakumbuka mchanga wangu wa kwanza. Wakala aliandika akauliza, kwa adabu sana, mbona umekuwa mwekundu. Nilikuwa nimeupaka rangi ya barabara ya kwetu bila kujua, kwa sababu mkono hutoa kile ulichokikanyaga tangu utotoni. Ilinibidi nijifunze mchanga wa watu, wa manjano na kijivu kidogo, kama uji wa mtama uliopoa. Tatizo jingine lilikuwa mvua. Kwetu hapa mvua inakuja karibu kila siku baada ya chakula cha mchana, na rangi ya mafuta haipendi unyevu. Picha zilikaa wiki nne, tano, bado zinanata. Mara moja niliingia asubuhi nikakuta anga la machweo limeota kuvu nyeupe. Nadhani hilo ndilo jangwa pekee duniani lililowahi kuota kuvu.

Kilichoniudhi zaidi ni watu wa ndani ya picha. Majengo ni makubwa, watu ni wadogo, na hawafanyi kitu. Wamekaa tu chini ya nguzo na vilemba vyao, mmoja ameegemea ngamia, mwingine amelala. Nilijiuliza hawa hawana mashamba? Hawana maji ya kuchota? Ilinichukua muda kuelewa. Mzungu aliwaweka pale jinsi sisi tunavyoweka kiberiti kando ya nyoka tuliyemuua kabla ya kumpiga picha, ili wa mbali aone ukubwa wa nyoka. Hao watu ni viberiti. Tangu nilipoelewa hivyo niliwachora kwa hasira kidogo, nikiwapa nyuso nzuri kuliko walizopewa mwanzo. Hakuna aliyegundua.

Mama ndiye aliyezifurahia zile picha. Kwake Misri ilikuwa moja tu, ile ya Farao, na binti yake alikuwa anachora Biblia. Nilijaribu kumweleza mara mbili kisha nikanyamaza. Siku moja akanijia karakanani na wanawake saba wa ushirika wa kanisa, wote na vitambaa vyao vya Jumapili ingawa ilikuwa Jumatano. Walikuja kuona mahali wana wa Israeli walipoteseka. Wakasimama mbele ya hekalu la nguzo nyingi, wakalitazama kwa huzuni, kama watu walioletwa kwenye nyumba ya msiba.

"Na Musa yuko wapi?" mmoja akauliza.

"Musa hayuko," nikasema. "Ameenda kula lunch."

Hawakucheka. Mama alinikanyaga kwa jicho. Mwingine akasogea karibu, akamnyooshea kidole yule mtu aliyelala chini ya nguzo, akasema, "Huyu ndiye amechoka na matofali. Maskini." Wakaanza kumwombea. Mimi nikashika brashi yangu nikainamisha kichwa, maana ningefanya nini? Walipoondoka waliniachia pakiti mbili za sukari. Nakiri kwamba tangu siku hiyo yule mtu aliyelala nilimchora kwa upole zaidi.

Sasa nieleze ule weusi, maana ndio ulionifunga.

Mwaka wangu wa pili rangi nyeusi ilikwisha. Tyubu mpya zilikuwa zinatoka Nairobi, na mvua ilikuwa imekata barabara. Nilikuwa na picha ya ndani ya hekalu, ukumbi wote ni kivuli, na wakala alikuwa akiisubiri. Jioni hiyo nilimkuta mama jikoni akitengeneza kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Kila mtu wa kwetu anajua jinsi kazi hiyo inavyofanywa. Unachoma kijiti cha mti wa senetwet mpaka ncha iwe kaa jekundu, unakiingiza kibuyuni, unakisaga humo ndani mpaka ukuta wote wa kibuyu unashika vumbi la mkaa. Hilo ndilo linalofanya maziwa yakae bila kuharibika, na ndilo linaloyapa ladha na ule ubuluu wa mbali. Nilitazama vidole vya mama. Weusi wake haukuwa weusi wa tyubu. Ulikuwa na bluu ndani yake, na kijivu, kama anga letu saa nane mvua ikiwa njiani.

Nikamwomba anichomee kidogo. Alicheka sana. Akachoma, akausaga kwenye jiwe lake la kusagia wimbi, akauchekecha kwa kipande cha leso kuukuu. Nikauchanganya na mafuta yangu, nikapaka ukumbi wa hekalu. Ulikuwa mgumu kukauka, lakini kivuli kilisimama. Ungeweza kukiingia.

Mwenye karakana alipoiona aliisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa rangi. Kisha akasema, "Madam, hii black umetoa wapi?"

"Kwa kibuyu cha mama."

"Wacha utani."

"Si utani."

Picha ikaenda. Majibu ya wakala yalikuja haraka kuliko siku zote. Aliuliza ni nani amefanya vivuli hivi, na akasema picha zote zinazofuata ziwe hivyo hivyo. Tulijaribu tyubu tena baadaye, ghali, za kutoka ng'ambo, na wakala akazirudisha. Mwenye karakana akaniambia, "Hiyo formula usiambie mtu hata kwa maombi." Alikuwa anachekelea. Mimi pia nilichekelea, mjinga mimi. Kabla ya hapo mtu yeyote mwenye mkono thabiti angeweza kukaa kwenye kiti changu. Baada ya hapo hakuna aliyeweza. Nilijifungia mlango kwa mikono yangu mwenyewe na nikajipongeza jinsi nilivyoufunga vizuri.

Kwa hiyo kila mwezi mama alichoma senetwet. Alikuwa amepata kazi ndani ya kazi yangu, na aliipenda. Aliwaambia wanawake wa kanisa kwamba giza lote la Misri linatoka jikoni kwake.

Mwaka wa tano, mwezi wa tano, nikapata barua. Wachapishaji wa vitabu vya shule Nairobi walikuwa wakitafuta mchoraji. Nilikuwa nimewatumia michoro niliyoifanya nyumbani Jumapili mchana: kuku anayemfukuza paka, mtoto anayepiga mswaki kwa hasira, ng'ombe aliyeweka kichwa dirishani. Hakuna mraba hata mmoja. Waliniita nikaongea nao kwa simu nikiwa nimesimama nyuma ya choo, mahali pekee nyumbani kwetu penye mtandao, na wiki iliyofuata barua ikaja. Kazi ilikuwa yangu. Nifike Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba, nisipofika watamchukua mwingine.

Sijui nieleze vipi furaha ile. Niliisoma barua mpaka karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Nilikuwa na miaka thelathini na sita na nilikuwa nimekwisha kuzoea wazo kwamba nitazeeka ndani ya jengo la maziwa nikimchora mtu aliyelala.

Mama nilimwambia jioni hiyohiyo. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Alikuwa na nguvu zake, alichuma chai mwenyewe, binamu yangu anakaa ng'ambo ya ua tu. Nilikuwa na hoja zangu zote mkononi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi nenda. Ulikuja kwa miezi mitatu." Nikabaki na hoja zangu bila mtu wa kumpa.

Mwenye karakana naye hakunizuia, na hilo nitalisema kwa haki. Alikaa kwenye ndoo ya rangi, akajishika kichwa. "Mimi siwezi kukushika, madam. Mtu ana maisha yake. Lakini usiniache kwa mataa. Kuna order ya sita, kubwa, zote za ndani ya hekalu. Malizia hizo tu, halafu mimi mwenyewe nitakubebea begi mpaka stage."

Sita za ndani ya hekalu maana yake ni kivuli juu ya kivuli. Nilimtajia mama kiasi cha mkaa nilichohitaji, nikitegemea aseme ni mwingi mno. Hakusema. Alichukua panga akaenda kukata senetwet pale ukingoni mwa shamba.

Ulikuwa mwezi wa sita na mvua haikuwa na huruma. Kuni zilikuwa mbichi. Zamani alichomea nje, chini ya kibanda, lakini mvua ilikuwa inaingia kibandani kutoka kila upande, kwa hiyo akahamia jikoni. Senetwet mbichi ikichomwa ndani ya nyumba, moshi wake ni mzito na mchungu, unakaa kifuani. Na huwezi kuiacha ijichomee. Lazima ukae juu yake, uifunike kwa udongo wakati unaofaa, kwa sababu ikipata hewa inakuwa jivu na kazi yote imepotea. Mama alikaa juu yake wiki tatu.

Niliporudi jioni nilimkuta macho mekundu, machozi yanatiririka, anajipangusa kwa pindo la leso. Nitasema nilichofikiri, ingawa kinanitia aibu mpaka sasa hivi ninapoandika. Nilifikiri analia kwa sababu naondoka. Nilifikiri ile "basi nenda" ilikuwa ya mdomoni tu, na sasa anataka kunirudisha nyuma kwa machozi, kama wamama wanavyojua. Nikakasirika. Siku moja nikamwambia, "Mama, acha kulia basi. Nairobi si mbinguni. Nitakuwa nakuja."

Akasema, "Nimeacha."

Kesho yake alikuwa akilia tena. Nikapita bila kusema kitu, nikaweka mfuko wa mkaa begani, nikaenda zangu kupaka kivuli.

Mambo mengine niliyaona na kuyapa maelezo. Alimimina chai kando ya kikombe. Nikasema ni mawazo. Alimwita binamu yangu kwa jina la mama mzazi wa binamu huyo, aliyekwisha kufa, nikasema ni uzee. Halafu majani yake yakarudishwa kwenye kituo cha kununulia chai, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aolewe. Mama alikuwa mtu wa majani mawili na chipukizi. Hata akiwa mgonjwa hakuweka jani gumu kwenye kikapu. Karani akakichambua kikapu mbele ya watu wote, akainua majani mapana ya chini. "Mama, siku hizi unachumia ng'ombe?" Watu wakacheka. Mama naye akacheka. Mimi nilikuwepo, nimekuja kumsaidia kubeba, na nikamwonea haya. Nikasema moyoni kwamba anafanya makusudi ili nione hawezi kubaki peke yake.

Picha ya sita niliimaliza siku ya Jumatano, na Jumatatu iliyofuata ndiyo ilikuwa ile ya Nairobi. Nilizisimamisha zote sita ukutani. Zilikuwa nzuri. Siwezi kudanganya, zilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilizichukia zote kwa usawa. Nilifunga mlango, nikatoka nje nikavuta hewa. Nilikuwa nimefika.

Alhamisi asubuhi mama alikwenda kituoni na kikapu chake, akagonga nguzo ya lango kwa paji la uso. Ile nguzo iko pale tangu nikiwa darasa la pili. Aligonga kama mtu anayeamini kabisa kwamba mbele yake hakuna kitu. Binamu yangu ndiye aliyemrudisha, damu ikishuka mpaka puani. Nikamketisha kwenye kiti nikamwosha, nikainua vidole viwili mbele yake.

"Ni vingapi?"

"Nini ni vingapi?" akasema.

Tulifika kliniki ya macho kabla ya saa sita. Nesi aliuliza jina, akaenda kwenye kabati, akarudi na faili. Nikamwambia faili hilo si letu, mama hajawahi kuja hapa. Nesi akanitazama, akamtazama mama, akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Mama, si tulikuambia mwaka jana uwachane na moshi? Si tulisema ukiendelea utapoteza macho?"

Mama alikuwa ameketi wima, mkoba magotini. "Mlisema," akajibu.

Kumbe mwaka huo alikuwa amekuja na wale wanawake wa ushirika. Mimi aliniambia wanakwenda Kaplong kwenye mazishi. Macho yake yalikuwa na vidonda vya zamani, na moshi ulikuwa ukivitonesha kila siku mpaka vikawa kovu juu ya kovu. Daktari alikuwa kijana mpole. Alieleza polepole huku akichora jicho kwenye karatasi, na nakumbuka nilifikiri kwamba analichora vibaya. La kushoto limekwisha. La kulia litaona mwanga na kivuli, na pengine umbo la mtu akisimama karibu. Kama angeacha mwaka jana, hadithi ingekuwa nyingine.

Tulikaa kwenye benchi la nje tukisubiri dawa. Tuliongea Kipsigis, kwa sauti ya chini, ili watu wasisikie.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeacha kazi yako."

"Ningeacha mkaa tu, mama. Ningetafuta weusi mwingine."

"Walikuwa wanautaka huu." Aligeuza mkoba magotini. "Halafu ulipopata hiyo ya Nairobi nikasema, ni wiki tatu tu. Macho yatavumilia wiki tatu. Akishaondoka nitapumzika."

"Na yale machozi? Nilipokugombeza, mbona hukusema ni moshi?"

"Ulikuwa umeshaamua ni nini," akasema mama.

Ijumaa nilimpigia kaka. Aliongea kwa muda mrefu. Nyumba yake ina watoto wengi, Chebunyo ni kukavu, mama hajazoea, mama ana watu wake huko, ana kanisa lake, na zaidi ya yote mimi ndiye ninayemjua. Kila alichosema kilikuwa kweli. Hata mama mwenyewe alikataa kwenda kabla hajaulizwa. Hapa anaijua njia ya kwenda chooni kwa miguu, anaijua miti ya chai kwa mkono. Kule angekuwa kipofu kabisa. Nilimfikiria binamu yangu, ambaye ana mtoto mchanga mgongoni na mwingine njiani. Nikafikiria kumpeleka mama Nairobi, kwenye chumba kimoja, ghorofa ya nne, mlango umefungwa siku nzima. Nilizungusha mambo hayo kutwa nzima na kila mara yalirudi kwenye mlango uleule.

Jumamosi mchana nilikwenda nyuma ya choo nikapiga ile namba. Mwanamke aliyepokea alikuwa na sauti nzuri. Nilimwambia siwezi kufika, mama yangu ni mgonjwa. Akasema pole sana, akauliza kama ningetaka wiki moja zaidi. Nikasema wiki haitasaidia. Akasema wataendelea na aliyenifuata, akanitakia kila la heri. Simu yote haikuchukua hata dakika tatu. Nilibaki pale nikitazama ukuta wa mabati, nikisikia mvua ikianza kule bondeni.

Nilipoingia jikoni mama alikuwa kwenye kigoda, mikono magotini, uso umeelekea mlangoni. Jiko lilikuwa limezimwa.

"Umepiga simu," akasema.

"Nimepiga."

"Umewaambia nini?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiria. "Nimewaambia siji."

Hakupandisha sauti. Katika maisha yangu yote sijamsikia mama akipandisha sauti. Akasema, "Na mimi haya macho niliyachomea nini?"

Nilisimama pale. Nilikuwa nimemkasirikia, nitalisema wazi. Nilimkasirikia kwa kunificha, nikamkasirikia kwa kunipenda kwa namna ile, na nilijua kwamba nitaamka na hasira hiyo kesho na kesho kutwa, humu humu ndani, nikimpikia uji. Yeye naye alikuwa amenikasirikia. Nilikuwa nimekitupa kitu alichokilipia kwa kuona kwake.

Nikamwambia naenda kuchota maji. Mitungi yote mitano ilikuwa imejaa, imepangwa mbele ya miguu yake. Akaitikia kwa kichwa, nami nikatoka mikono mitupu.